Hakimu na Mpira Usiokuwa Wake

Jamani, hii nimetumiwa na wifi yangu. Nimeanza kuisoma nikisubiri maji ya chai yachemke, maji yakakauka sufuriani. Sasa naileta kwenu, mshtuke na nyie. Wacheza gofu mliomo kundini msininunie. Na nyie mnaojidai hamchezi, msicheke mapema.

Palikuwa na hakimu mmoja, jina lake Anaeli, kwenye mji mdogo wa milimani, huko kunakolimwa kahawa. Mtu wa heshima zake, mzee wa kanisa, hana neno na mtu. Lakini mpe fimbo ya gofu, utamkimbia.

Juu ya mji huo palikuwa na uwanja mkongwe wa gofu uliozungukwa na mibuni. Kila Jumamosi hakimu alipanda huko na rafiki yake Eliamani, mwenye duka la dawa, kila mtu na mfuko wake wa fimbo begani. Hawakuwa mabingwa. Walikuwa wachezaji wa Jumamosi, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mchezaji mbaya kabisa hana shida, keshazoea. Anayeteseka ni huyu ambaye leo anapiga mpira unanyooka mpaka mwenyewe anajiogopa, halafu wiki ijayo, kwa fimbo ileile na mikono ileile, anauchapa unakwenda kumtafuta mama wa watu anayejichumia kahawa yake.

Hakimu alijaribu kila kitu. Alibadilisha viatu. Alibadilisha namna ya kusimama. Alifundishwa kupumua, utadhani miaka yote hiyo alikuwa anaishi bila kupumua! Akiambiwa ainamishe kichwa, anainamisha. Akiambiwa alegeze mabega, analegeza. Akikumbuka yote mawili kwa pamoja, mpira unaingia mtaroni.

"Baba Nakiete, huo ni mchezo gani?" mkewe Namsifu alimuuliza siku moja. "Wenzako wakicheza wanarudi wanacheka. Wewe unarudi kama umetoka kuzika."

"Leo haikuwa mimi, mama. Jumamosi iliyopita ungeniona! Yule ndiye mimi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mpira ukinyooka, anajipiga kifua: "Huyo sasa ndiye mimi!" Mpira ukipotea, fimbo chini, mikono kiunoni, na kelele: "Siyo mimi huyo!"

"Kama siyo wewe," Eliamani humtania, "basi huyo bwana ana mkosi, maana kazaliwa na sura yako."

Na kinachoudhi ni kwamba kortini hakutaka kabisa kulisikia neno hilo. Mshtakiwa akisimama kizimbani akasema, "Siyo mimi, mheshimiwa," hakimu huvua miwani taratibu. "Kama siyo wewe, ni nani? Mlete tumwone." Korti nzima inacheka, mshtakiwa anatazama chini.

Sasa ugonjwa huo ukateremka mlima ukaingia nyumbani. Hakimu na Namsifu walikuwa na binti mmoja tu, Nakiete, mwalimu wa chekechea, mtulivu kama mama yake. Jumamosi moja hakimu alirudi kutoka uwanjani na hasira zake, akakuta geti limeachwa wazi. Akamfokea Nakiete mbele ya mchumba wake aliyekuja kusalimia. Alimwambia maneno ambayo baba hamwambii binti yake: "Hata huyo atakayekuoa, atakurudisha."

Kesho yake asubuhi akamfuata jikoni. "Mwanangu, jana haikuwa mimi. Ulikuwa uchovu tu."

"Sawa, baba," Nakiete akasema, akaendelea kuosha vikombe.

Hakimu akatoka jikoni moyo mweupe. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Ikafika siku ya posa. Ilikuwa Jumamosi, wageni wanatarajiwa alasiri. Huko kwao posa ina utaratibu wake: wageni wakishaketi, binti huleta kikombe cha kwanza cha togwa, hupiga goti, humpa baba yake. Baba akinywa, maneno yameanza. Baba asipokuwepo, au binti asipompa, wageni hushika kofia zao wakaondoka, na si rahisi warudi tena.

Asubuhi hiyo Namsifu alimkuta mumewe anafunga kamba za viatu vya gofu.

"Leo? Baba Nakiete, leo?"

"Wageni ni alasiri. Napiga mashimo machache nipunguze mawazo, mapema nimerudi."

"Huyo mtoto hajala tangu jana kwa wasiwasi," Namsifu akasema. "Ukimwaibisha leo, sina la kukwambia tena. Nakwambia wazi."

Akaenda. Mnashangaa nini? Na nyie mna kwenu mnakokwenda mkikatazwa.

Kule juu ukungu ulikuwa umeshuka mapema. Si ule mwepesi wa kawaida. Ulikuwa umekaa juu ya majani mzito, mweupe, hausogei, na ndege wote walikuwa kimya. Eliamani aliukunjia uso. "Mheshimiwa, turudi. Hali hii siipendi."

"Piga, bwana," hakimu akajibu.

Hapa lazima niwaeleze desturi moja ya wacheza gofu. Mpira ukiingia vichakani, anayeukuta hauchezi hivihivi. Anautazama kwanza, akiujua anasema kwa sauti, "Huu wangu." Mpira usio na wa kuusemea umepotea.

Hakimu akasimama, akainamisha kichwa, akalegeza mabega, akapiga. Mpira ukakata kona ukazama kwenye mibuni.

"Siyo mimi huyo!" akapiga kelele.

Na kutoka ndani ya mibuni, mtu akajibu, "Huu wangu."

Ilikuwa sauti ya mwanamume wa makamo. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. Hakimu alidhani ni mchezaji mwingine aliyepotea ukunguni, akacheka. "Chukua tu, kaka, nakuachia!" Akaweka mpira mwingine chini, akaupiga bila hata kuwaza. Ukanyooka. Ulinyooka mpaka ukamezwa na weupe, na alipoufuata aliukuta umelala pale hasa alipotaka ulale.

Kwenye shimo lililofuata akaharibu tena. "Siyo mimi huyo!"

"Huu wangu," ikajibu sauti, safari hii karibu zaidi.

Akaweka mwingine, ukanyooka.

Basi hakimu akaonja utamu. Kila pigo baya alilikana upesi, kabla hata mpira haujatua, na kila alipolikana, mtu yule aliupokea. Kila alipopokea, pigo lililofuata lilikuwa safi kuliko la kwanza. Wala hakuona ajabu kwamba majani yalikuwa yamelowa na suruali yake ni kavu. Hakuona ajabu kwamba kidole gumba alichokichubua kwenye fimbo asubuhi hakimuumi tena.

Kisha akamwona Eliamani. Alikuwa mbele kidogo, anacheka ukunguni. "Pole, mheshimiwa! Huo nao ulikuwa wa aibu!"

"Eliamani, niko huku!" hakimu akaita.

Eliamani hakugeuka. Alikuwa anatembea na mtu bega kwa bega, mtu mwenye kofia kama ya hakimu na mfuko wa fimbo kama wa hakimu, anayechechemea kidogo kwa sababu ya tope. Mtu huyo akapunguza mwendo, akainamisha kichwa kama anayesikiliza nyuma yake. Halafu wakaendelea wote wawili, ukungu ukawafunika.

Wewe ungekimbia, najua. Hata mimi ningeacha fimbo na viatu. Lakini mwenzetu alikuwa anacheza mchezo ambao hajawahi kuucheza tangu azaliwe. Nionyeshe mcheza gofu atakayeacha siku kama hiyo aondoke! Akaendelea peke yake, shimo baada ya shimo, hakosei. Pigo la mwisho alilipiga kutoka mbali, mpira ukabingirika ukatumbukia wenyewe.

"Huyo ndiye mimi!" akainua mikono juu.

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Na ndipo akatambua kwamba mpira ulipoanguka shimoni haukutoa sauti yoyote.

Akapanda klabuni haraka. Mhudumu alikuwa anapanguza meza, hakimu akamsalimia, mhudumu akaendelea kupanguza. Akatoka nje, gari lake halipo. Walinzi wawili walikuwa wamesimama getini.

"Hakimu kaondoka mbio," mmoja alikuwa anasema. "Ana wageni wa posa. Leo kacheza vibaya mzee wa watu, kajaa tope mpaka kofiani."

"Lakini kanunua chai ya wote," mwenzake akasema. "Kajicheka mwenyewe mpaka kakohoa."

Hapo ndipo hofu ilipomshika hakimu. Akaanza kushuka mlima kwa miguu, kisha akakimbia. Alikimbia njia nzima bila kutweta, na hilo lilimtisha kuliko yote, maana alikuwa mtu mzima mwenye kitambi. Mbwa wa jirani, anayembwekea kila siku ya Mungu, alimwona akajikunyata chini ya lori, akatulia kimya.

Nyumbani wageni walikuwa wamejaa. Mlangoni alisimama Nanzia, dada yake wa tumbo moja, waliolala kitanda kimoja utotoni, anapokea watu.

"Karibu, mgeni," Nanzia akamwambia. "Wewe ni wa upande gani?"

"Nanzia. Ni mimi."

Nanzia akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyesahau jina lako na anaona aibu kukuuliza. "Ndiyo, ndiyo, karibu sana. Utasimama hapa mlangoni, baba, viti vimeisha."

Hakimu akatazama ndani. Kwenye kiti chake, kile cha mbao chenye mto mwekundu, ameketi yeye.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama miguu, atafute kwato. Hapakuwa na kwato. Palikuwa na viatu vyake vya gofu vimejaa tope. Suruali ilikuwa imelowa magotini, majani ya mibuni yameganda shingoni, kidole gumba kinavuja damu. Halikuwa jini lile. Lilikuwa na tumbo lake, upara wake, na kile kikohozi chake cha kabla ya kusema.

"Wageni wangu, nisameheni," mtu yule akasema. "Nimechelewa, na kosa ni langu. Nimeshindwa na kampira kadogo hivi."

Ukumbi mzima ukacheka. Namsifu alikuwa ameinama anampangusa tope kwa ncha ya kanga, anatikisa kichwa huku anatabasamu. Hakimu hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mkewe kumtazama hivyo.

Wivu ukampanda, na woga, vyote kwa pamoja. "Siyo mimi huyo!" akapiga ukelele.

Hakuna aliyegeuka. Ni yule mtu tu aliyeinua macho kutoka kitini, akamtazama, macho yamejaa huzuni. Hakimu alitazama mkono wake mwenyewe aliouegemeza kwenye fremu ya mlango. Aliona mbao. Aliona hata misumari ya kwenye mbao. Mkono aliuona kwa shida.

Mshenga akakohoa, akarekebisha koti. "Wazee, tusipoteze wakati. Tumekuja kwa heshima. Mwenye binti apewe kikombe, tuanze."

Nakiete akaingia na kikombe cha togwa. Alikuwa amevaa gauni la kitenge, macho chini. Akaanza kukiendea kile kiti.

Hakimu akawaza upesi, kama alivyozoea kuwaza kazini. Nani atamshuhudia? Eliamani? Alicheza na yule. Walinzi? Walimwona yule. Dada? Keshampa nafasi mlangoni. Kisha akajiuliza, amshtaki yule mtu kwa kosa gani? Wizi? Hakuiba kitu. Tope, aibu, kelele, kuchelewa, vyote alipewa. Alipewa na mwenyewe, kimoja kimoja, kwa sauti kubwa, tena kwa furaha. Na kumbe hivyo ndivyo mtu huyu alivyofikia kuwa na mke, rafiki na kiti. Watu wa nyumba hii walikuwa wameishi na nani miaka yote? Waliishi na mkosaji. Yule mwingine wa Jumamosi nzuri walimsikia kwa masimulizi tu.

Nakiete alikuwa amekaribia kiti. Alianza kukunja goti.

Hakimu hakusema na mshenga, wala hakusema na yule mtu. Alimwita mwanawe.

"Nakiete. Siku ile ya geti. Aliyekufokea ni mimi."

Goti la Nakiete likasimama katikati.

"Sikuwa nimechoka," hakimu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata yeye aliisikia kwa taabu. "Nilikuwa nimepiga mpira mbaya, nikaja kuumalizia kwako. Mbele ya mchumba wako. Nilijua ninachosema, mwanangu, nikakisema. Kesho yake nikakudanganya. Ni mimi. Nisamehe."

Togwa ikamwagika kidogo kwenye vidole vya Nakiete. Akanyanyuka. Akakipa kile kiti mgongo, mbele ya wazee wote, na watu wakaanza kunong'ona. Akapita katikati ya wageni, akaruka miguu ya mshenga, akafika mlangoni. Pale kwenye kizingiti, kwenye viatu vya watu vilivyorundikana, akapiga goti mbele ya baba yake na kumnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

"Najua ni wewe, baba," akasema polepole, wageni wasisikie. "Hakuwahi kuwepo mwingine. Nilikuwa nangoja useme."

Hakimu akapokea kikombe. Kilikuwa kizito. Na mara hiyo hiyo akahisi tope la baridi ndani ya soksi zake, majani yakimwasha shingoni, kidole kikimuuma, na pumzi zote za kukimbia kushuka mlima zikamjia kwa mkupuo mmoja. Akanywa huku analia. Sijui kama ilikuwa togwa au machozi, lakini alimaliza kikombe chote.

"Mheshimiwa!" mshenga akacheka. "Mbona unanywea mlangoni kama mgeni? Njoo ukae kwako, tuzungumze."

Hakimu akainua macho. Kiti kilikuwa kitupu. Namsifu alikuwa amesimama kando ya hicho kiti, kanga imejaa tope mkononi, anatazama ule mto mwekundu. Kisha akamtazama mumewe kule mlangoni. Mpaka leo hajawahi kumuuliza.

Hakimu akavuka ukumbi, akageuka, akaketi. Kiti kilikuwa bado cha moto.

Funzo: Siku yako mbaya ni yako. Ukiikana haipotei, inatafuta pa kukaa. Sema "ni mimi" mapema, maana wanaokupenda wanalijua siku zote, wanangoja tu walisikie kwako.